Barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini: kwenye kaswende, tuandikieni namba

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa
Nakala: waratibu wa maabara na waratibu wa afya ya uzazi na mtoto, mikoa na halmashauri

Waheshimiwa,

Shikamooni wale mnaonizidi umri, ingawa nadhani mmebaki wachache. Kamwene kwa walioko Iringa na Njombe. Kwa wa huku kwetu, ndaga.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu. Siku hizi nalima viazi Isyonje, na siasa za hospitali nilishaziachia wenye nguvu. Nisingewasumbua kama si mtoto wa kaka yangu, aliyenijia jioni moja ya mwezi wa sita akiwa amejitanda vitenge viwili juu ya sweta. Nilidhani amefuata viazi. Akatoa kadi ya kliniki kwenye bahasha ya kaki, akaniambia, "Shangazi, nisomee hapa."

Mimba ya tatu. Penye kaswende pameandikwa neno moja: chanya.

Neno hilohilo lilikuwepo kwenye kadi ya mimba ya pili, miaka mitatu nyuma. Wakati ule alichomwa sindano zake tatu, wiki baada ya wiki, na akajifungua mtoto mzima ambaye sasa anakimbiza kuku wangu. Mumewe hakupimwa safari ile; alikuwa kazini, kama waume wengi wanavyokuwa kazini siku ya kupimwa. Safari hii alikwenda, akapimwa, akatoka hasi. Waliporudi nyumbani alimwekea mkewe hoja, naye akanisimulia neno kwa neno: "Ulikuwa nao, ukatibiwa, ukapona. Sasa unao tena. Mimi sina. Umeutoa wapi?"

Tafadhalini itazameni hoja hiyo. Kijana yule ni fundi seremala, hakusoma udaktari, lakini mantiki yake imenyooka kama ubao uliopigwa randa. Kosa lake ni moja tu, na hata hilo si lake. Anaamini kwamba "chanya" kwenye kipimo kile maana yake ni "unao". Aliaminishwa hivyo na karatasi yetu.

Ninyi mnajua, lakini barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo.

Damu ya mtu aliyeambukizwa kaswende, ile ambayo wazee waliita sekeneko, huwa na kingamwili za namna mbili. Za kwanza zinamlenga mdudu mwenyewe, yule mwembamba aliyejipinda kama skrubu, ambaye Schaudinn na Hoffmann walimwona kwa darubini huko Berlin mwaka 1905. Kingamwili hizi zikishaingia kwenye damu, kwa watu wengi hazitoki tena. Utatibiwa, utapona, utazeeka, utazikwa nazo. Vipimo vinavyozitafuta ni TPHA na ndugu zake, na ndicho kinachofanywa na kitepe cha haraka cha kliniki: tone la damu ya kidoleni, matone ya dawa, dakika 15 hadi 20, mstari unatokea au hautokei. Kitepe kile kinajibu swali moja: je, damu hii iliwahi kukutana na mdudu huyu? Swali la lini, wala la kama bado yupo, hakilijui.

Kingamwili za pili hazimlengi mdudu. Zinalenga mafuta yanayohusiana na uharibifu anaouleta mwilini, na maabara huzinasa kwa kutumia kadiolipini, kitu ambacho mama mmoja Mmarekani, Mary Pangborn, alikitenga kutoka kwenye moyo wa ng'ombe mwaka 1941. (Nilipokuwa nawafundisha wanafunzi wa mazoezi hili, hakuna aliyesinzia. Moyo wa ng'ombe unajulikana.) Hapo ndipo vilipotoka vipimo vya VDRL na RPR. Kingamwili hizi zina tabia ambayo zile za kwanza hazina: hupanda ugonjwa ukiwa mkali na hushuka mgonjwa akitibiwa. Na zinapimika kwa namba. Unachukua seramu, yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitengwa, unaiongezea maji ya chumvi nusu kwa nusu, unapima. Unaongeza tena, unapima. Mpaka chembe za mkaa kwenye kadi ziache kushikana. Mchanganyiko wa mwisho ambao bado zinashikana ndio taita: ukiwa ni 1:32, umepata taita ya 1:32. Miezi sita au kumi na miwili baada ya sindano ukikuta imeshuka hadi 1:8 au chini yake, yaani hatua mbili au zaidi, tiba imefanya kazi. Ikitoka 1:2 ikapanda 1:16, mtu ameambukizwa upya au tiba haikushika, na hapo una haki ya kuuliza maswali magumu.

Nilimpeleka mtoto wa kaka kwenye maabara ambayo bado inafanya RPR. Jibu: 1:2. Nikakaa na ile 1:2 mkononi kama mtu aliyepewa nusu ya noti. Kama miaka mitatu iliyopita alikuwa na 1:32, basi ningemwita mumewe, ningemkalisha pale kwenye kigoda na kumwambia: huu ni ugonjwa wa zamani uliotibiwa, unachokiona ni kovu, na wapo watu wanaobaki na 1:1 au 1:2 maisha yao yote bila kuwa na ugonjwa. Lakini nusu ya pili ya noti haipo. Kituo kile cha miaka mitatu iliyopita, ambacho sitakitaja kwa sababu vingi vinafanana nacho, kiliandika "chanya" na kufunga kadi.

Wauguzi walimchoma tena. Hapo siwalaumu; ningekuwa mimi ningemchoma vilevile. Mjamzito asiye na ushahidi wa kupona hutibiwa, mimba haisubiri ubishi, na penisilini ndiyo dawa pekee tunayoiamini kumfikia mtoto tumboni. Lakini sindano zile zinauma, Waheshimiwa, na ndoa ile inauma zaidi.

Sasa msinisome vibaya. Siombi muondoe vitepe. Nimefanya kazi miaka ambayo vitepe havikuwepo, na sitamani kurudi huko. Zahanati haina umeme, haina mashine ya kutenganisha seramu, damu inachukuliwa Jumanne ya kliniki na kupelekwa wilayani, jibu linarudi mama ameshajifungua, au halirudi kabisa. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha gharama ya hali ile: kati ya akina mama wenye kaswende hai ya taita kubwa, 1:8 na kuendelea, ambao hawakutibiwa, robo walizaa mtoto mfu, kwa wasio na kaswende ilikuwa mmoja katika mia. Kitepe kinachotoa jibu mama akiwa bado amekaa kwenye benchi, na sindano ikatoka siku hiyohiyo, kimeokoa watoto ambao RPR ya wilayani ingewazika. Hiki cha sasa cha pamoja, VVU na kaswende kwa tone moja, ambacho WHO ilikipendekeza kwa kliniki za wajawazito mwaka 2019, ni kizuri zaidi. Kibaki.

Ninachoomba ni kwamba mstari ukitokea, kazi isiishie hapo. Muuguzi achome sindano ya kwanza papo hapo, na kabla mama hajaondoka atolewe damu ya mshipani kwa ajili ya RPR yenye taita. Hili silitungi mimi. Mwongozo wa WHO wa 2017 kuhusu kaswende kwa wajawazito unaieleza njia hii, hasa kwa sehemu ambako ugonjwa umefika asilimia 5 na kuendelea. Chini ya hapo unaridhika na kitepe peke yake. Najua mtu wa bajeti ataninyooshea kidole kwenye mstari huo. Nami namjibu kwamba wanaokutwa chanya ni wachache kuliko wanaopimwa, kwa hiyo RPR zitakazohitajika si nyingi. Na Tunduma, Makambako, Mafinga, machimbo ya Chunya, si sehemu ambazo mtu mwenye akili atazitendea kwa wastani wa mkoa.

Damu itafikaje maabara? Kwa njia ileile inayopita kila wiki. Sampuli za kupima wingi wa VVU zinasafiri, makohozi ya kifua kikuu yanasafiri. Seramu ikishatengwa inakaa kwenye friji siku kadhaa bila kuharibika. Chombo kimoja zaidi kwenye kisanduku cha baridi hakimuongezei dereva wa pikipiki hata lita ya mafuta.

Kuna mtu atasema: basi tupime RPR tu, tuachane na kitepe. Hapana. RPR peke yake inadanganya pia, kwa upande wake. Malaria inaweza kuigeuza chanya, kifua kikuu kinaweza, uzee unaweza, hata mimba yenyewe inaweza. Waulizeni wenzetu wa Kyela kama malaria ni jambo la kusoma vitabuni. Na upande wa pili, damu ikiwa na kingamwili nyingi kupita kiasi, seramu isiyochanganywa inaweza kuonekana hasi kabisa. Ukiichanganya na maji ya chumvi ndipo ukweli unajitokeza. Nimewahi kuiona mara mbili katika maisha yangu ya kazi, na mara zote mbili nusura nisaini hasi. Kitepe nacho kina watu kinaowaonea: mzee aliyeugua buba utotoni anaweza kuonyesha mstari, kwa kuwa mdudu wa buba na wa kaswende ni ndugu wa damu na vipimo vyetu haviwatofautishi.

Ndiyo maana vinakwenda viwili. Zamani tulianza na RPR, tukathibitisha kwa TPHA. Siku hizi maabara kubwa zenye mashine zimegeuza mpangilio: wanaanza na kipimo cha mdudu, kikiwa chanya wanafanya RPR yenye taita, na vikipingana wanaamua kwa kipimo cha tatu cha aina nyingine kinachomlenga mdudu. Kitepe cha zahanati kikifuatiwa na RPR ya hospitali ya halmashauri ni njia hiyohiyo ya wakubwa, ila imevaa kandambili.

Nije kwenye jambo ambalo sijawahi kusikia likizungumzwa kwenye semina yoyote, labda kwa sababu miongozo mingi huandikwa na watu wanaoishi kwenye joto.

RPR ya kadi inataka chumba chenye nyuzijoto 23 hadi 29. Imeandikwa kwenye karatasi ya kila boksi, wala si siri. Inataka rotata, mashine ya kuzungusha kadi, izunguke mara 100 kwa dakika, dakika 8 kamili, na antijeni, ile dawa ya kipimo, iliyotoka kwenye friji iachwe ifikie joto la chumba kabla ya kudondoshwa. Sasa niambieni, Waheshimiwa: ni chumba kipi cha maabara cha Makete chenye nyuzi 23 saa mbili asubuhi mwezi wa saba? Cha Njombe mjini? Cha Mufindi kule kwenye chai? Mbeya mjini penyewe, takriban mita 1,700 juu ya bahari, mwezi wa sita tunafanya kazi tumevaa makoti mawili, la ndani la kwetu na la nje la serikali. "Joto la chumba" kwetu ni maneno tu. Antijeni inatoka kwenye friji ya nyuzi 4 na kuingia kwenye chumba kinachokaribia kufanana na friji.

Na baridi haikosei kwa bahati tu. Inapunguza nguvu ya kipimo: chembe zinachelewa kushikana, zile zilizopaswa kushikana kidogo hazishikani, na jibu dhaifu linasomwa hasi. Maana yake kuna miezi mitatu ya mwaka ambayo maabara za nyanda za juu zinaweza kuwa zinapoteza wagonjwa kimyakimya, na takwimu za robo hiyo zikashuka, na mtu akapongezwa kwenye kikao.

Sisi tulikuwa na mbinu zetu. Chupa ya antijeni ilikaa mfukoni mwa koti, karibu na mwili, nusu saa kabla ya kazi. Kuna mwenzangu aliyekuwa anaikalia. Sitaki kusema zaidi. Umeme ukikatika katikati ya dakika nane tulitikisa kadi kwa mkono tukiwa tunahesabu kwa sauti, na mkono wa mtu aliyepata baridi hauzunguki mara 100. Zamu moja ya usiku mtu alileta jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, na ni Mungu tu aliyetutoa tukiwa hai. Hivyo si vya kujivunia. Ni kazi ya kipimajoto cha ukutani, hita ndogo ya umeme, chumba kimoja kidogo kinachofungika, na daftari ambalo joto linaandikwa kabla ya kipimo cha kwanza. Ikiwa chini ya 23, kipimo kisubiri. Sijui kitu cha bei ndogo zaidi ya hicho kinachoweza kubadili majibu ya maabara katika mikoa yenu minne.

Halafu kuna mtoto mchanga. Hili linaniumiza kuliko yote.

Mama mwenye kaswende, aliyetibiwa au asiyetibiwa, humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo. Ukimchoma mtoto kidole na kumwekea kitepe, mstari utatokea, na unaweza kuendelea kutokea mpaka mtoto afikishe miezi 18, hata kama mtoto hana mdudu hata mmoja. Kwa hiyo kitepe kwa mchanga hakina kazi. Kinachosaidia, pamoja na kumchunguza mtoto mwenyewe, ni kupima RPR ya mama na ya mtoto kwa wakati mmoja, kwa njia ileile, kwenye maabara ileile, na kulinganisha: taita ya mtoto ikiizidi ya mama mara nne, mtoto anaugua, si kwamba ameazima kingamwili. Ikiwa ndogo au sawa, bado daktari ana kazi ya kuangalia tiba ya mama ilikuwaje na ilitolewa lini, maana sindano iliyochomwa chini ya siku 30 kabla ya kujifungua haihesabiwi kuwa ilimtosha mtoto. Wodi ya wazazi isiyo na maabara ya kutoa taita inabaki na mambo mawili: kuwadunga wote, au kubahatisha. Nimeona yote mawili, kwenye jengo moja, wiki moja.

Nasema maabara ileile kwa makusudi. Taita ya VDRL hailinganishwi na ya RPR. Mara nyingi ya RPR huwa juu kidogo. Mama akipimwa kwa hii Mbalizi na kwa ile Tukuyu, tofauti inaweza kuwa ya vipimo, wala si ya damu yake. Chagueni kimoja kwa mkoa mzima na mkishikilie.

Kuhusu waume sina maneno mengi, mnayajua. Ila muuguzi anayempa mume jibu la hasi huku mkewe ni chanya afundishwe sentensi moja ya ziada: kaswende ya muda mrefu mara nyingi haiambukizi tena kwa njia ya kujamiiana, kwa hiyo mke anaweza kuwa nayo tangu kabla ya ndoa na mume asiipate kamwe. Ingesemwa sentensi hiyo siku ile, yule seremala asingerudi nyumbani na hoja yake.

Na kadi. Kwenye kadi zilizopita mikononi mwangu, sehemu ya kaswende ina nafasi ya neno moja. Ongezeni hata muhuri wa mpira kwa muda, wakati mkisubiri Wizara na TAMISEMI wachape kadi nyingine: aina ya kipimo, taita, tarehe, na sindano ngapi zimechomwa. Muhuri wa namna hiyo unachongwa na vijana wa mitaani pale Mwanjelwa ukiwa unasubiri.

Mtoto wa kaka yangu amerudi kwa mumewe, wanaishi, hawaongei sana. Nimempa tarehe ya kurudi kupima, maabara ileile, RPR ileile. Ile 1:2 nimemwandikia kwa kalamu ya wino kwenye jalada la nje la kadi, pamoja na siku na mwezi, kwa sababu ndani hapakuwa na mahali.

Wenu,
Mteknolojia wa maabara mstaafu
Isyonje